Kumfundisha Mbua Kuita Watu

Kifafa kilinishika nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, na jembe mkononi. Nasema hivi mapema kwa sababu wengi hudhani ni ugonjwa wa kuzaliwa nao tu. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeanguka juzi sokoni na leo unaona haya kutoka nje ya nyumba, na kwa ajili ya mtu unayeishi naye ambaye hajui afanye nini. Mambo yanayotokea ndani ya kichwa nawaachia madaktari. Mimi nitaeleza tulivyoishi nacho.

Kwetu ni upande wa Nuu, mahali ambapo mvua ya Novemba ikikataa, mwaka wote umekataa. Mume wangu Mutua ni fundi wa mawe. Miaka hiyo, ya sabini ikielekea ukingoni, alikuwa akijenga matangi ya maji ya shule huko Makueni, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, mara nyingine asije. Mimi nilibaki na Mutinda, mvulana wetu aliyekuwa shuleni, na Mwende, msichana ambaye bado alikuwa ananyonya. Ng'ambo ya korongo dogo alikaa Mama Nduku, mke wa kaka yake Mutua. Juu zaidi, karibu na kanisa, lilikuwa boma la mama mkwe wangu, mjane, mama wa kwaya, mtu ambaye akisema jambo lake amesema.

Mara ya kwanza nilianguka kwenye mbaazi. Mara ya pili nilianguka kanisani, watu wakanizunguka wakaomba kwa sauti mpaka nikazinduka, nguo zimelowa, ulimi umekatwa na meno yangu mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Mara ya tatu ilikuwa jikoni. Nilikuwa nakoroga uji. Ninachokumbuka baadaye ni harufu ya nyama inayoungua, na mimi nikijiuliza ni nani amechinja. Ilikuwa mkono wangu wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi vidole. Mwende alikuwa amekaa mlangoni analia, na ni kilio chake kilichomfanya Mama Nduku avuke korongo aje kuangalia.

Mama mkwe alikuja siku ileile. Aliutazama mkono uliofungwa kitambaa, akaketi kwenye kigoda. Halafu akamnyanyua Mwende akamweka mgongoni.

"Mama Mutinda, mimi sikuchukii," akasema. "Lakini leo ni mkono wako. Kesho utakuwa uso wa mtoto huyu."

"Mama, bado ananyonya."

"Ataacha."

"Utamrudisha lini?"

"Siku nitakayojua kwamba ukianguka kuna mtu anajua umeanguka."

Alikuwa na haki. Nilisimama uani nikamwona mtoto wangu akigeuza kichwa ananitafuta mpaka wakapotea nyuma ya minyaa. Siku zilizofuata maziwa yalijaa, kifua kikawa kigumu kama jiwe. Mama Nduku alinifunga leso kwa nguvu, akanikanda kwa maji moto, na mkono ule uliokuwa na malengelenge nikauinua juu ili asiuguse. Sikujua nilie kwa ajili ya nini kwanza.

Mutua aliporudi alinipeleka kliniki Mwingi. Wale waliokaa kwenye benchi za kliniki wanajua benchi ni maisha mengine. Unafika alfajiri na kukuta wengine walilala hapo. Kila mtu anauliza mwenzake anaumwa nini. Nilipojibu "kifafa", mwanamke aliyekuwa karibu nami akavuta kiondo chake, kisha akajivuta na yeye. Sikumlaumu, wakati huo kwetu watu waliamini mate ya mgonjwa yanaambukiza. Lakini mwanamke mwingine, mzee mwenye macho mekundu, alisogea akaziba nafasi ile iliyoachwa, akanipa nusu ya viazi vyake vitamu, tukala pamoja. Mpaka leo simjui jina, na nimemwombea mara nyingi.

Nilipewa vidonge. Vidonge hivyo vilinisaidia, lakini vilinilipisha. Nililala kama mtoto mchanga, nikiamka natembea kama mtu aliyetoka kunywa. Nilisahau chumvi, nikasahau majina, siku moja nikasahau njia ya kwenda kuchota maji. Kuanguka kulipungua bila kwisha, na hakukuwa na dalili ya kuniambia lini. Kila mwezi nilirudi Mwingi kuchukua vingine, nami nikaanza kuhesabu mwaka kwa safari hizo: safari ya kupanda, safari ya palizi, safari ya kuvuna ndengu.

Ilikuwa safari ya palizi nilipomkuta Kilonzo. Alikuwa mchuuzi wa mbuzi, kijana wa kama miaka thelathini, amekuja kusafishwa kidonda cha mguu. Nje ya mlango wa kliniki alilala mbwa wake, bila kamba, kidevu juu ya ndara za bwana wake. Watu waliingia na kutoka wakimruka. Mtoto alimrushia ganda la ndizi. Hakuinuka.

"Umemfanya nini huyo?" nikamuuliza.

"Nimemwambia akae."

"Mbwa wetu nikimwambia akae, anadhani namwita kula."

Kilonzo akacheka. "Kwa sababu nyumbani kwenu kila mtu anasema lake. Wewe unasema kaa, mtoto anasema lala, baba anatupa jiwe. Mbwa atashika lipi?" Akaninyooshea kidole. "Chagua neno moja. Watu wote waseme hilohilo. Akifanya, mpe kitu hapohapo, kabla hajasahau amefanya nini. Asipofanya, usimpige; mbwa aliyepigwa anajifunza kukuogopa tu. Na umfundishe kidogo kila siku, akiwa na njaa, uache kabla hajachoka. Kesho tena. Kesho kutwa tena."

"Anaweza kufundishwa kwenda kuita mtu?"

"Kuita mtu kwa nini?"

Nikamwambia. Hakujivuta. Alimtazama mbwa wake kitambo, akasema, "Sijawahi kujaribu. Lakini wangu nimemfundisha kwenda kumleta mbuzi aliyebaki nyuma. Mtu na mbuzi, kuna tofauti gani?" Sote wawili tukacheka mpaka muuguzi akachungulia.

Mbwa wetu aliitwa Mbua, ambalo kwa Kikamba ni mvua, kwa sababu aliletwa kwetu mvua ikinyesha. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, kazi yake kubwa ikiwa kubwekea punda wa watu. Nilimweleza Mama Nduku mpango wangu tukiwa tunachambua mbaazi. Aliniangalia kama anayepima kama vidonge vimenizidi.

"Na mimi kazi yangu ni nini?"

"Kukaa kwako na kumpa ugali."

"Hiyo naiweza," akasema.

Tukaanza. Neno letu lilikuwa "ithi", yaani nenda. Mwanzoni Mama Nduku alisimama upande huu wa korongo, hatua chache tu kutoka kwangu, na donge la ugali wenye mafuta mkononi. Mimi nasema "ithi", yeye anamwita, mbwa anakwenda, anapewa. Halafu akasogea chini kwenye korongo. Halafu ng'ambo. Halafu mlangoni kwake. Halafu ndani, mlango umerudishwa. Hapo Mbua akakwama. Alikaa nje ya mlango akingoja kama mgeni mwenye adabu. Kwa hiyo Mama Nduku akawa hafungui mpaka abweke. Siku ya kwanza alikaa mpaka jua likawa kali, akachoka, akabweka kwa hasira. Mlango ukafunguka, ugali ukatoka, na sifa juu yake. Kesho yake alibweka mapema kidogo. Kabla ya ndengu kutoa maua, alikuwa akifika tu anabweka.

Sehemu ngumu ilikuwa hii: mtu aliyeanguka hawezi kusema "ithi". Ilibidi kuanguka kwenyewe kuwe ndilo neno. Basi nikawa najiangusha. Nilijiangusha uani, nikajiangusha shambani, nikajiangusha njiani nikiwa na kuni kichwani, na kila mara nikiwa chini nilisema "ithi" polepole, siku hadi siku kwa sauti ndogo zaidi, mpaka siku moja sikusema kitu na Mbua akaondoka mbio mwenyewe. Nililala pale kwenye vumbi nikimsikia anabweka ng'ambo, na Mama Nduku akipiga kelele za furaha, nikashindwa kuinuka kwa kucheka.

Watu walizungumza. Unafikiri hawangezungumza? Mama mzima, mke wa fundi, anajitupa chini mchana kweupe, anaamka anajipangusa, anajitupa tena. Huko kanisani likafika neno kwamba ugonjwa umeniingia akilini. Mama mkwe aliniuliza baada ya ibada, mbele ya watu, kama ni kweli nafundisha mbwa. Nikasema ni kweli. Akasema, "Mbwa ni wa kulinda mbuzi," akaenda zake na Mwende mgongoni. Mtoto alikuwa ameanza kuniangalia kama mtu anayemwona kwa mbali.

Mutua naye alikuja na kutuharibia. Si kwa ubaya. Alimpenda mbwa, akamtupia mifupa wakati wowote, na Mbua alipobweka mlangoni kwa Mama Nduku siku ya mapumziko, Mutua, aliyekuwa amekwenda huko kusalimia, akamrushia ndara. Siku mbili zilizofuata mbwa hakuvuka korongo kabisa. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mume wangu.

"Ni mbwa tu, Mama Mutinda," akasema.

"Ni mtoto wangu," nikamjibu. "Huyu mbwa ndiye njia ya mtoto wangu kurudi, na wewe unamrushia ndara."

Mutua si mtu wa maneno mengi. Alfajiri yake nilimkuta uani, suruali ya kazi mwilini, amelala kifudifudi kwenye vumbi, anasema "ithi, ithi" kwa ile sauti yake nzito, na Mbua amesimama akimtazama, haamini. Nikaenda nikalala kando yake nimwonyeshe anavyotakiwa kuanguka.

Halafu ikaja mara ya kweli, wakati wa kuvuna ndengu, na Mbua akashindwa. Niliambiwa na Mutinda, aliyetoka shule akanikuta shambani: mbwa alikuwa ananilamba uso, analia, hajaenda popote. Niliumia kuliko wakati ule wa moto. Miezi yote ile! Nilimwambia Mama Nduku tuache. Alikuwa anapepeta ndengu, hakuinua hata uso.

"Wewe ukijiangusha unalala kama mtu anayepumzika kivulini," akasema. "Ukianguka kweli unatetemeka, unakoroma, macho yanageuka. Mimi mwenyewe ninaogopa. Mbwa hajawahi kuona hilo, amejuaje ni jambo lilelile?"

Kwa hiyo akanifundisha kifafa changu mwenyewe. Mimi sikuwahi kukiona. Yeye alikiona mara nyingi. Alilala chini akanionyesha: mgongo unakunjika hivi, mkono unapiga hivi, sauti inatoka hivi. Nilitazama na machozi yakanitoka, kwa maana ndiyo mara ya kwanza nilijua watu wanaonipenda wanaona nini. Kisha nikaiga. Kisha yeye akanisahihisha, "Hapana, mguu wa kulia zaidi," na tukaanza kucheka, wanawake wawili kwenye vumbi wakishindana kutetemeka, na Mbua akituzunguka hajui amkimbilie nani. Tulirudi mwanzo kabisa. Donge la ugali, hatua chache, korongo, mlango. Mvua za Aprili zikaja kidogo zikaisha, sisi bado tunafanya, kila asubuhi kabla ya chai.

Mwezi Julai, upepo ukiwa baridi na mto umebaki mchanga mtupu, nilikwenda kuchota maji na punda. Kwetu unachimba mchangani mpaka maji yachuruzike, unayateka kwa kibuyu taratibu. Nilipiga magoti kwenye ukingo wa kisima. Ninachokumbuka ni baridi ya mchanga kwenye magoti. Yaliyobaki nimesimuliwa.

Mbua alikimbia hadi kwa Mama Nduku akakuta mlango umefungwa. Alibweka, hakuna. Mama Nduku siku hiyo alikuwa kwa mama mkwe, wanakoboa mahindi ya kupika muthokoi kwa ajili ya wageni wa kanisa. Sisi hatukuwa tumemfundisha Mbua kitu kama hicho. Lakini nadhani katika miezi ile yote yeye hakujifunza mlango. Alijifunza Mama Nduku. Alipanda kilima akaingia uani kwa mama mkwe, akapita katikati ya wanawake, akasimama mbele ya Mama Nduku akabweka.

"Mfukuzeni mbwa huyo!" mama mkwe akasema.

Mama Nduku alikuwa ameshasimama, mchi umeanguka. "Mama, ni Mama Mutinda. Ameanguka."

"Umejuaje?"

"Ananiambia!"

Wakakimbia. Mama mkwe wangu, mtu wa umri ule, alikimbia na leso mkononi, mbwa mbele akigeuka kuangalia kama wanafuata. Walinikuta nimeingia kisimani kwa kichwa, mchanga wa ukingo umebomoka, mdomo na pua karibu kabisa na maji, na mchanga ukiendelea kuteremka. Mama mkwe ndiye aliyeshuka. Alinivuta kwa mabega, akanigeuza ubavu, akanifuta mchanga mdomoni kwa vidole vyake, mate na vyote, yeye ambaye hakuwahi kunishika nikiwa katika hali ile.

Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa mapajani mwake. Mama Nduku alikuwa ameketi mchangani amemkumbatia Mbua, analia waziwazi. Mama mkwe alikuwa anautazama ule mkono wangu wa kovu, anaupapasa.

"Amekula?" akauliza.

Nilidhani ananiuliza mimi. "Bado, mama."

"Sikuulizi wewe. Mbwa. Mama Nduku ananiambia akifanya apewe hapohapo."

Safari iliyofuata ya Mwingi alikwenda nami yeye mwenyewe, akaketi kwenye benchi, na mtu alipouliza tunaumwa nini alijibu kwa sauti ya kwaya, "Binti yangu ana kifafa," akamtazama huyo mtu mpaka akainamisha macho. Daktari alibadilisha vidonge. Usingizi ukapungua, fizi zikavimba kidogo, nikavumilia. Kuanguka kukawa kwa nadra, halafu kukawa kwa nadra zaidi. Mbua alikuja kuita watu mara nyingine chache tu katika maisha yake, na hakukosea tena. Hata nilipokaa msimu mzima bila kuanguka, hatukuacha kufanya mazoezi, kwa sababu Kilonzo alisema kesho tena. Mbua alikufa mzee, tukamzika chini ya kilima. Mimi sasa ni miaka mingi sijaanguka. Vidonge bado nameza, na wewe usiache vyako hata ukijisikia mzima.

Lakini uliyekuwa ukimsubiri, kama mimi nilivyosubiri, ni Mwende. Alirudishwa wiki ileile ya kisima. Mama mkwe alikuja asubuhi na mtoto mgongoni, na katika pindo la leso amefunga ugali wa jana. Alimshusha Mwende mlangoni.

"Kabla sijaenda," akasema, "nataka mbwa ajue na kwangu. Neno ni lipi?"

"Ithi."

Aliondoka na Mbua kuelekea kilimani, akilisema neno hilo chini chini ili asilisahau. Mwende alisimama akitazama bibi yake anaondoka, mdomo ukaanza kutetemeka. Alikuwa ameota meno mengi, nywele zimerefuka, ananiogopa. Sikumshika. Nilikuwa nimejifunza subira kwa miezi mingi kwenye vumbi, nikaona na hii itakuwa hivyohivyo. Niliwasha moto, nikabandika uji, nikaketi mbali kidogo na mafiga, na kijiko cha uji mkononi nikingoja upoe. Alilia. Akanyamaza. Akasogea hadi kizingitini, akarudi, akasogea tena. Uji ulipopoa alikuja akasimama kando ya goti langu, akafungua mdomo.